Kuja na Kuibuka: Dhana ya Mwibuko katika Historia ya Bonde la Ufa la Kati

1. Utangulizi

Vitabu vingi vya historia vilivyotungwa kwa ajili ya shule za Kenya vina ramani yenye mishale. Mshale mmoja hutoka kaskazini, mwingine magharibi, wa tatu kusini, na ncha zote hukutana katika nyanda za juu. Mwanafunzi azitazamapo ramani hizo huona makabila yakiingia nchini yakiwa yamekwisha kukamilika, kila moja na jina lake, lugha yake na desturi zake, mfano wa abiria washukao garini na mizigo yao mkononi. Hatukani kwamba watu walihama. Walihama, tena sana. Lakini mshale husema habari za safari tu; hausemi lolote juu ya yale yaliyotokea baada ya wasafiri kukutana na wenzao, kuoana, kuazimana maneno na kupeana majina mapya.

Nia ya makala haya ni kuichunguza dhana ambayo ramani za mishale huiacha nje, nayo ni dhana ya mwibuko. Tumechagua eneo la Nakuru na Bonde la Ufa la Kati kwa sababu fani nyingi zimefanya kazi hapo mahali pamoja: wanajiolojia, wataalamu wa viumbe, wanaakiolojia, wanaisimu na wanahistoria. Kila fani imekabiliwa na swali lile lile kwa namna yake: je, kitu hiki kilikuja, au kiliibuka papa hapa? Tutajaribu kuonyesha kwamba mara nyingi majibu yote mawili ni ya kweli, ila hayahusu kitu kimoja. Sehemu huja, jumla huibuka.

Swali hili si la darasani peke yake. Mwaka 1992, kisha mwaka 1998, kisha mwanzoni mwa mwaka 2008, watu wa Bonde la Ufa walichomewa nyumba, wakafukuzwa na kuuawa, na miongoni mwa hoja zilizotumiwa kuhalalisha maovu hayo ni hoja ya nani alikuja na nani ni mwenyeji. Kwa hiyo mwanachuo anayeandika juu ya asili za watu wa eneo hili hana budi kuyapima maneno yake.

2. Maneno yaliyomo katika Kiswahili

Kabla ya kuzitazama fani, yafaa kwanza tutazame lugha yenyewe. Kiswahili kina vitenzi kadhaa vinavyoeleza kutokea kwa jambo jipya, na kila kimoja kina nadharia yake ndani.

Chipuka ni neno la mimea. Chenye kuchipuka kilikuwamo tangu mwanzo katika mbegu au katika shina. Maji na jua huyafungua tu yale yaliyokuwa yamefumbwa. Chimbuko, nomino ambayo sisi wanalugha tumezoea kuitumia, hutupeleka chini na nyuma, kwenye chemchemi moja ambako maji yote yanasemekana kutoka. Chomoza husemwa juu ya jua: huonekana kwetu leo, lakini lilikuwapo upande wa pili usiku kucha. Zuka ni kutokea ghafla, pasipo sababu ionekanayo, na ndiyo maana tuna neno mzuka. Karibu na zuka kuna zua, yaani kutunga jambo lisilokuwapo, na uzushi ndio uwongo wenyewe.

Ibuka ni neno la majini. Kitu kilichokuwa chini huja juu kikaonekana, na kinyume chake ni kuzama. Neno hili lina kasoro yake pia, maana mpiga mbizi anapoibuka ni mtu yule yule aliyezama. Hata hivyo lina sifa mbili ambazo vitenzi vingine havina. Kwanza, linakubali kwamba kulikuwa na kitu chini kabla ya jambo kuonekana, kwa hiyo halitulazimishi kuamini mizuka. Pili, linakumbusha kwamba kilichoibuka chaweza kuzama. Kwa sababu hizo tunapendekeza nomino mwibuko, iliyoundwa kwa utaratibu ule ule uliotupa mwamko kutokana na amka, iwe istilahi ya dhana tunayoijadili.

3. Dhana yenyewe katika fani mbalimbali

Dhana ya mwibuko ilianza kujadiliwa kwa uwazi huko Ulaya katika karne ya 19. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alitofautisha namna mbili za sababu kuungana. Katika namna ya kwanza tokeo ni jumla ya nguvu za sababu zote, kama watu wawili wanaposukuma mkokoteni mmoja. Katika namna ya pili, ambayo mfano wake ni kemia, tokeo halifanani na sababu zake: oksijeni na haidrojeni ni hewa, lakini zikiungana huwa maji, nayo maji yana tabia ambazo hewa hizo hazina. Mwaka 1875 George Henry Lewes aliyapa matokeo ya namna hii ya pili jina lililodumu katika Kiingereza. Mwaka 1923 C. Lloyd Morgan akaitumia dhana hiyo kueleza jinsi uhai na akili vilivyotokea katika maendeleo ya viumbe.

Elimu ya jamii ilifika mahali hapo kwa njia yake. Mwaka 1895 Émile Durkheim alishikilia kwamba jamii ni kitu chenye hali yake, na kwamba mambo ya jamii hayawezi kuelezwa kwa kuchunguza nafsi ya mtu mmoja mmoja. Baadaye sana, mwaka 1972, mwanafizikia P. W. Anderson aliandika kwamba hata anayezijua sheria za chembe ndogo kabisa hawezi kutokana na hizo peke yake kuujenga upya ulimwengu, kwa kuwa kila ngazi ya wingi ina sheria zake.

Tukiyaweka pamoja mawazo ya wataalamu hawa tunapata alama tatu za mwibuko. Ziko sehemu nyingi zinazoathiriana. Iko jumla yenye tabia ambayo haimo katika sehemu yoyote ikiwa peke yake. Tena jumla hiyo, ikishatokea, hurudi ikaziathiri sehemu zake. Historia huongeza alama ya nne, yaani wakati: jumla ina mwanzo, nayo yaweza kuwa na mwisho.

4. Ziwa

Mfano wa kwanza hauhusu binadamu, na faida yake ni kwamba hakuna atakayeukasirikia. Ziwa Nakuru liko katika sakafu ya bonde ambalo J. W. Gregory, aliyelipitia mwaka 1893, alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1896 na kulipa jina linalojulikana duniani kote. Kaskazini ya ziwa iko kasoko kubwa ya Menengai, iliyotokana na mlima wa volkeno uliobomoka na kudidimia. Miaka kama 9,000 hivi iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi, maji ya Nakuru na Elmenteita yalikuwa ziwa moja lenye kina kikubwa. Hali ya hewa ilipokauka ziwa hilo lilipungua, likagawanyika, na chumvi zake zikabaki.

Mito kama Njoro, Makalia na Nderit huingia katika Ziwa Nakuru, lakini hakuna mto utokao. Maji huondoka kwa kuwa mvuke tu, yakiacha magadi. Maji ya namna hiyo hayawafai samaki wengi wala mimea mingi. Lakini aina moja ya viumbe vya kijani visivyoonekana kwa macho matupu, jamaa ya mwani, hustawi humo kuliko kawaida, na heroe wadogo huja kuvila. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 heroe waliohesabiwa hapo walizidi milioni moja. Rangi yao ya waridi hutokana na chakula hicho.

Tujiulize: mandhari hayo yaliyolipatia ziwa sifa, likawa hifadhi ya taifa mwaka 1968, yalitoka wapi? Heroe walikuja, kwa maana hata mayai yao hawatagi Nakuru. Huzaliana katika Ziwa Natron, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Magadi yaliletwa na maji kutoka katika miamba ya volkeno. Kila sehemu ina asili yake mahali pengine. Lakini umati ule wa ndege, uhusiano wake na maji, na namna samadi ya ndege inavyorudi kuyarutubisha maji yanayowalisha, hayo hayakuletwa na yeyote. Yaliibuka ziwani. Tena yalionekana kuwa na uwezo wa kuzama: mnamo mwaka 1974, viumbe vile vya kijani vilipopungua ghafla, heroe walitawanyika. Na kuanzia mwaka 2010 hivi, maji yalipopanda na magadi yake kuzimuliwa, heroe wengi walihamia kwingine, hasa Ziwa Bogoria.

Hata sehemu mpya moja yaweza kuibadili jumla. Katika miaka ya 1950 na 1960 samaki wadogo wa Ziwa Magadi walipandikizwa Nakuru ili wapunguze viluwiluwi vya mbu. Samaki walizaana, na waliokuja kuwafuata ni mwari kwa maelfu. Aliyeleta samaki hakukusudia kuleta mwari.

5. Mawe na mashimo

Sasa tuwatazame wanaakiolojia, waliofanya kazi kando ya maziwa hayo hayo. Louis Leakey alianza uchimbaji wake katika eneo hili mwaka 1926. Katika pango la Gamble, karibu na Elmenteita, alipata vifaa vya mawe vilivyochongwa kwa ustadi kutokana na obsidiani, jiwe jeusi la volkeno ling'aalo kama kioo. Kwa kuwa vilifanana na vifaa vya utamaduni uliopewa jina kutokana na mji wa Gafsa huko Tunisia, aliuita utamaduni alioukuta Nakuru kwa jina hilo hilo la kaskazini, akiongeza jina la Kenya. Jina lilikuwa mshale. Msomaji aliyekutana nalo aliona moja kwa moja watu wenye ustadi wakishuka kutoka pwani ya Bahari ya Kati.

Uchunguzi wa baadaye haukuuthibitisha mshale huo. Tarehe zilizopatikana kwa njia za kisayansi zilionyesha kwamba vifaa vya Bonde la Ufa vilikuwa na historia yake ndefu papa hapa, yenye kurudi nyuma zaidi ya miaka 10,000, na kwamba mabadiliko yake yalifuatana na kupanda na kushuka kwa maziwa na misitu ya eneo lenyewe. Mwaka 1980 Stanley Ambrose na wenzake walipendekeza jina la zamani liachwe, utamaduni huo uitwe kwa jina la mlima Eburru, ulio baina ya Naivasha na Elmenteita, ambako obsidiani hupatikana. Kubadili jina kulikuwa ni kubadili nadharia: kilichodhaniwa kuwa kimekuja kilikubaliwa kuwa kimeibuka.

Kisa cha pili ni cha Wasirikwa. Katika nyanda za juu za magharibi, tangu Nakuru hadi Uasin Gishu na mbele yake, kuna maelfu ya mashimo mapana ya duara, mengine yakizungushiwa mawe. Wenyeji waliyataja kuwa kazi ya watu waitwao Wasirikwa waliokuwapo zamani. Mwaka 1933 G. W. B. Huntingford aliyahusisha mashimo hayo, pamoja na magofu na njia za kale, na ustaarabu mmoja uliopotea. Mary Leakey alichimba katika Hyrax Hill, kilima cha pimbi kilicho nje kidogo ya mji wa Nakuru, mwaka 1937 na 1938, na Merrick Posnansky akachimba Lanet mwaka 1957. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba watu waliishi ndani ya mashimo.

John Sutton, aliyeyachunguza tangu miaka ya 1960, ndiye aliyeligeuza jambo. Alionyesha kwamba mashimo yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba zilijengwa pembeni yake. Takataka na samadi iliyozolewa humo ilirundikwa mbele ya lango. Waliofanya hivyo walikuwa wafugaji wa kawaida waliolinda mifugo yao dhidi ya wevi, kuanzia karne ya 12 au 13 hivi hadi karne ya 18. Wala hawakutoweka. Wakati vikundi vya Wamasai vilipoenea katika bonde, mtindo ule wa maisha ulikoma, na watu wake wakaingia katika jamii nyingine. Hadi leo ziko koo miongoni mwa Wakalenjin na miongoni mwa Wamasai zinazohesabu asili yake kwa Wasirikwa.

Hapa tunaona wazi alama ya nne tuliyoitaja. Wasirikwa walikuwa jumla, nayo jumla hiyo ilizama. Sehemu zake ziliendelea kuishi ndani ya jumla nyingine zilizoibuka baadaye. Mtu anayeuliza "Wasirikwa walikwenda wapi?" anauliza kama kwamba ni abiria waliopanda gari lingine.

6. Lugha na jina

Katika isimu, mshale mkubwa kuliko yote ulikuwa nadharia ya Wahamiti. Lugha za Wamasai na za Wanandi na jamaa zao ziliwekwa katika kundi lililodaiwa kuwa nusu ni la Wanailoti na nusu la Wahamiti, na lolote lililoonekana kuwa la maendeleo lilihesabiwa kuwa limeletwa na hao wa pili. Oswin Köhler katika miaka ya 1950 na Joseph Greenberg katika uainishaji wake wa mwaka 1963 waliibomoa nadharia hiyo. Lugha hizo ni za Kinailoti kamili; za Wanandi na jamaa zao ni za tawi la kusini.

Christopher Ehret, katika kitabu chake cha mwaka 1971, alikwenda mbele zaidi. Kwa kuyachunguza maneno ya kuazima aliona kwamba wasemaji wa tawi hilo la kusini walikaa kwa karne nyingi pamoja na wasemaji wa lugha za Kikushi, wakachukua kwao maneno mengi na baadhi ya desturi, zikiwamo tohara na utaratibu wa marika yanayozunguka. Si lazima tukubali kila tarehe aliyoitoa ili tuone umuhimu wa jambo lenyewe. Majina ya marika, yaani Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi, yanajulikana kwa Wanandi, Wakipsigis, Wakeiyo na Watugen, ijapokuwa orodha hutofautiana kidogo. Hilo ni jambo ambalo hakuna mshale mmoja uwezao kulieleza. Lugha ilitoka upande mmoja, sehemu ya desturi ilitoka upande mwingine, na mfumo mzima ulipata sura yake katika nyanda hizi hizi.

Wasomaji wa jarida hili watakumbuka kisa kinachofanana na hiki. Kwa miongo mingi kulikuwa na waandishi waliodai kwamba Kiswahili kililetwa na Waarabu, au kwamba ni mchanganyiko tu wa Kiarabu na Kibantu. Derek Nurse na Thomas Spear mwaka 1985, na Nurse na Thomas Hinnebusch mwaka 1993, walionyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, iliyokua katika pwani ya Afrika Mashariki. Maneno ya Kiarabu yalikuja. Lugha iliyoyapokea na kuyatia katika ngeli zake iliibuka pwani.

Turudi Bondeni. Mpaka miaka ya 1940 hapakuwa na jina moja la kuwajumlisha Wanandi, Wakipsigis, Watugen, Wakeiyo, Wamarakwet, Wapokot, Wasabaot na Waterik. Wazungu waliandika "watu wasemao Kinandi", jina ambalo Wakipsigis au Watugen hawakuwa na sababu ya kulipenda. Jina Kalenjin lilitokana na tamko la mazungumzo lenye maana ya "nakuambia". Kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, tamko hilo lilizoeleka kwa matangazo ya redio ya John Chemallan wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, likachukuliwa na wanafunzi wa Alliance High School waliotoka katika jamii hizo. Mwaka 1948 chama cha Kalenjin Union kiliundwa Eldoret. Mwaka 1960 Taaitta Toweett, ambaye baadaye aliandika tasnifu juu ya isimu ya lugha hizo, aliongoza Kalenjin Political Alliance, kilichojiunga na KADU mwaka huo huo.

Je, jina hilo lilizuliwa? Baadhi ya wanahistoria wamekaribia kusema hivyo, kwa kuwa twawajua kwa majina watu waliolieneza na twajua faida ya kisiasa waliyoitarajia wakati uhuru ulipokaribia. Hapa ndipo tofauti ya zua na ibuka inapotufaa. Wanafunzi wale walichagua neno, lakini hawakuunda kuelewana kwa lugha kulikowawezesha kusikilizana bwenini, wala hawakuyaunda marika. Nyenzo zilikuwako chini ya maji. Kwa upande mwingine, nyenzo peke yake hazikutosha, maana zilikuwako kwa karne nyingi bila ya jina. Ilihitajika shule, redio, jeshi na uchaguzi ili sehemu ziathiriane kwa namna mpya.

Mfano wa kinyume unathibitisha jambo hili. Katika miaka ya 1990 wanasiasa walieneza jina KAMATUSA, lililofupisha Kalenjin, Masai, Turkana na Samburu. Jina lilikuwa na wakubwa nyuma yake, na dola pia. Lakini hakuna mama aliyemwambia mtoto wake kwamba yeye ni Mkamatusa. Lilibaki muungano wa kura. Kama jina lolote lingeweza kuzuliwa likawa watu, hilo nalo lingekuwa.

Alama ya tatu pia inaonekana hapa. Jumla ilipoibuka ilirudi ikaziathiri sehemu zake. Mtugen aliyezaliwa mwaka 1970 alikua akijua kwamba yeye ni Mtugen na Mkalenjin pamoja. Babu yake hakuwa na la pili. Na wanahistoria, wakitumia jina hilo kwa watu wa karne ya 17, hulirudisha nyuma mahali lisipokuwapo, mpaka likaonekana kama mbegu iliyokuwa ikingoja mvua. Hilo ni kulifanya lililoibuka lionekane kuwa limechipuka.

7. Mji

Mji wa Nakuru wenyewe ni mfano wa mwisho. Reli ilifika hapo mwaka 1900, mahali ambapo Wamasai walilisha ng'ombe wao. Mwaka 1904 Nakuru ilitangazwa kuwa mji mdogo, na mwaka huo huo mkataba baina ya Waingereza na viongozi wa Wamasai ukawaondoa Wamasai katika bonde ili ardhi wapewe walowezi. Walowezi walitaka wafanyakazi, na wafanyakazi walitoka Kikuyu, Kavirondo, Baringo na Kericho. Wenye maduka walitoka Bara Hindi. Wengine walikuja na reli kutoka pwani. Kati ya mlowezi na mfanyakazi ikatokea Kisetla, namna ya Kiswahili iliyopungukiwa upatanisho wa ngeli, ambayo wote wawili waliitumia na hakuna aliyeipenda.

Waliokuwa wakiishi mashambani bila ya hati, walioitwa maskwota, walikuwa sehemu nyingine iliyobadilika kwa kukaa pamoja. Tabitha Kanogo, katika kitabu chake cha mwaka 1987, ameonyesha jinsi maisha hayo ya Bonde la Ufa yalivyokuwa mojawapo ya mizizi ya Mau Mau. Huko Olenguruone, katika miaka ya 1940, Wakikuyu waliotakiwa kufuata amri za kilimo walizozikataa walikula kiapo cha umoja kilichowajumuisha wanaume, wanawake na watoto. Desturi ya kiapo walitoka nayo kwao. Kiapo cha watu wote pamoja kilipata nguvu yake katika hali ya Olenguruone.

Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji, la nne nchini Kenya. Hakuna jamii moja iwezayo kusema kwamba jiji hilo ni tokeo lake peke yake.

8. Hitimisho

Katika siasa za Bonde la Ufa, watu wasiotakiwa waliitwa madoadoa. Neno hilo la kawaida, la ng'ombe na kanga, likawa amri: doa huondolewa. Mwaka 2022 Tume ya Kitaifa ya Utangamano na Uwiano ililiweka katika orodha ya maneno ya chuki. Nyuma ya neno hilo iko nadharia ya historia, kwamba nguo ilikuwa nyeupe, kisha madoa yakaja. Kwa hesabu ya Tume ya Waki, watu 1,133 walikufa nchini Kenya katika fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na Nakuru na Naivasha zilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia sana. Waliouawa na walioua hawakuwa wa jamii moja.

Dhana ya mwibuko haijibu kila swali. Hasa haifuti madai ya haki. Wamasai waliondolewa mwaka 1904 kwa tendo lenye tarehe na sahihi, na maskwota walifukuzwa mashambani kwa amri zilizoandikwa; mambo hayo yanahitaji kupimwa kwa sheria na kwa ushahidi wake. Kosa ni kulibadili dai la ardhi liwe dai la asili, kana kwamba jamii moja ilikuwako ikiwa kamili tangu mwanzo na nyingine ilishuka garini jana. Tumeona kwamba katika bonde hili hakuna jamii iliyokuwako hivyo. Aitwaye mwenyeji ana damu na maneno ya waliokuja, na aitwaye mgeni ni sehemu ya jumla iliyoibuka papa hapa.

Kwa wanalugha na walimu, basi, tunatoa mapendekezo mawili. La kwanza ni la istilahi: tuliweke neno mwibuko kwa dhana hii, tuliache chimbuko kwa habari za asili ya sehemu, na tusiseme uzushi ila pale ambapo jina limetungwa bila ya nyenzo chini yake. La pili ni la ufundishaji. Mishale ibaki katika ramani zetu, lakini kila mshale uambatane na maelezo ya kilichotokea mahali ncha yake ilipofika, maana mwanafunzi anayeishia kwenye ncha ya mshale hajafikia bado historia ya watu aliopewa kuisoma.